Hawk Ridge, Duluth: kiingilio bure, ratiba anapanga upepo

Nyota tano, na nazitoa kwa roho safi. Mimi ni mtu wa Mwanza ninayeishi Minneapolis, kwa hiyo ukiniambia twende tukaone ziwa sishtuki haraka. Ziwa Superior lina kilomita za mraba zipatazo 82,000, Victoria yetu kama 69,000. Haya, wametushinda. Lakini kinachonipandisha gari kwenda kaskazini ikifika Septemba si maji, ni mwewe.

Hawk Ridge ni kilima kilicho juu ya mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani, pale Ziwa Superior linapoishia upande wa magharibi. Mwewe na tai wanaoshuka kutoka Kanada wakiikimbia baridi, wakifika ufukweni hawapendi kukatiza. Juu ya maji baridi hakuna hewa ya moto ya kuwainua, na kupiga mabawa njia nzima ni kujimaliza. Basi wanageuka kulia, wanafuata ufuko mpaka mwisho wa ziwa, na hapo ndipo wewe umekaa na kiti chako cha kukunja. Tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa zaidi ya 100,000 kwa siku moja.

Hesabu hiyo usiende nayo kichwani. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, wanakuja. Ukitoka ziwani, mtabaki mnatazamana na mawingu. Angalia utabiri wa hali ya hewa usiku wa kuamkia safari, kalenda itakudanganya. Na usiombe anga lisilo na wingu hata moja: kwenye bluu tupu mwewe wa juu humwoni hata kwa darubini. Wingu likipita nyuma yao ndipo wanajitokeza, punje za ufuta zinazozunguka, halafu mmoja anachomoka, ananyoosha mabawa na kuteleza kusini, wenzake nyuma yake kwa mstari. Hao ni mwewe wa mabawa mapana, safari yao ni mpaka Amerika ya Kati na Kusini.

Lakini huduma yenyewe hasa ni watu. Hesabu rasmi inafanyika hapo kila mwaka tangu 1972, kuanzia Agosti hadi Novemba. Anayehesabu hana muda wa porojo na msimsumbue, ila pembeni wapo waelimishaji wanaojibu maswali yote, hata yale ya aibu. Nilimuuliza dada mmoja anamtambuaje ndege ambaye mimi namwona nukta tu. Akaniambia niache rangi, nitazame mwendo: kipanga mdogo anapiga mabawa haraka haraka, anateleza kidogo, anapiga tena. Robo saa baadaye nilikuwa nawataja kwa sauti mpaka mke wangu akanivuta koti.

Pia wahusika wa hapo huwa wanawanasa baadhi ya ndege, wanawavisha mguuni pete ya kuwatambulisha na kuwaachia. Ukitoa mchango, unaweza kupewa ndege umwachie kwa mkono wako. Mke wangu alipewa kipanga. Jicho la njano halipepesi, miguu myembamba, kucha zimekunjwa, na kifua kinapiga mpaka unakiona kinatikisa manyoya. Alipofungua vidole, ndege alishaondoka kabla sijabonyeza simu. Yeye amekulia Sengerema akikimbiza mwewe wasibebe vifaranga. "Mama akisikia nimetoa hela ili nimwachie mwewe," akasema, "ataitisha kikao cha ukoo."

Vaa koti la upepo na kofia hata kama mjini kuna jua. Chakula beba, na chai beba kwenye chupa: tuliyouziwa kwenye mgahawa mmoja njiani ilikuwa maji ya uvuguvugu na kifuko kinaelea. Jumamosi za katikati ya Septemba watu ni wengi, wahi asubuhi.

Oktoba wanapita tai, na usiku ni zamu ya bundi kuvishwa pete. Huko nitakwenda peke yangu. Mwewe mke wangu amekubali, bundi hataki hata kumsikia.