Unstoppable na Unblockable: usizichanganye

Kwenye Marvel Contest of Champions, mchezo wa kupigana wa simu uliotoka mwaka 2014, majina haya mawili ya uwezo wa mpiganaji yanawachanganya wengi, na si ajabu: kwa Kiswahili yote mtu angeyaita "hazuiliki". Lakini kinachokuokoa kwa moja kinakumaliza kwa nyingine.

Unstoppable inahusu mwili wa mpinzani. Ukimpiga damu yake inapungua, ila hayumbi; anakujia hivyo hivyo na kukukata katikati ya kombo, yaani mfululizo wa mapigo yako. Kukinga bado kunafanya kazi. Shikilia kidole upande wa kushoto wa skrini, vumilia hadi muda wake uishe.

Unblockable inahusu pigo lenyewe. Hapa ukikinga, pigo linapita kana kwamba mikono yako iko chini. Telezesha kidole kushoto urudi nyuma. Mpinzani mwenyewe lakini anayumba akipigwa, kwa hiyo ukimwahi unamkatiza.

Akiwa nazo zote mbili kwa pamoja, usikinge wala usipige, kwepa tu.

Mimi ningeandika "hayumbi akipigwa" na "pigo halikingiki". Maneno manne, na mchezaji mgeni angeelewa papo hapo.