Seti ya shilingi 850 ya kuunda atomu: kwa chaji iko poa, kwa uzito inadanganya

Wazazi wa kidato cha pili mmekuwa mkiuliza kuhusu ile seti ya boksi la bluu wanauza kwa maduka ya vitabu huku tao, mimi nilichukua kwa 850 na hakuna kupunguziwa hata kumi. Ndani kuna vipira vyekundu 12 vya alama ya kujumlisha, hizo ndio protoni, vyeupe 12 bila alama ni nyutroni, vyeusi 12 vya kutoa ni elektroni, na trei yenye shimo katikati la kuweka kiini, yaani protoni na nyutroni pamoja.

Kwa chaji, yaani hizo za kujumlisha na za kutoa, hii kitu inashinda kitabu mbali sana. Binti yangu aliunda sodiamu, protoni 11, nyutroni 12, elektroni 11, akahesabu za kujumlisha na za kutoa zikakatana sufuri, halafu akatoa elektroni moja ya nje, zikabaki 11 kwa 10, hapo hapo akaona mbona ioni ya sodiamu (atomu iliyopoteza elektroni) inaandikwa +1. Hakuna kukariri. Akajaribu kutoa protoni nayo, nikamwambia hapo si sodiamu tena, protoni 10 ni neoni, jina limeshahama.

Sasa uzito. Vipira vyote vinatoshana, ukiviweka kwa mizani ya jikoni elektroni 11 zinapima sawa na protoni 11, uongo mtupu! Protoni na nyutroni kweli zinakaribiana, nyutroni imezidi kidogo sana, lakini elektroni zinatakiwa kama 1836 ndio zifikie protoni moja, yaani protoni ikiwa gunia la mahindi la kilo 90, elektroni ni konzi ya gramu 49 hivi. Ndio maana namba ya uzito ya sodiamu ni 23, 11 na 12 basi, elektroni hazihesabiwi, na ikipoteza moja iwe ioni uzito karibu haujaguswa. Mtoto akizoea hii mizani si atajumlisha zote kwa mtihani apate 34?

Kijitabu chake nacho wameandika ati nyutroni ndio zinafanya atomu isiwe na chaji. Aki wapi! Nyutroni haina chaji yoyote, itafutaje ya mwenzake, sufuri inatoka kwa elektroni kuwa sawa na protoni. Chukua kaboni 12, protoni 6 nyutroni 6, ongeza nyutroni mbili upate kaboni 14, ile wanaakiolojia hutumia kupima umri wa mifupa, uzito umepanda na chaji iko palepale. Hiyo sentensi nimeikata na biro.

Ingine ni vipira 12 haviendi mbali, unaishia magnesiamu. Klorini inataka protoni 17 na hiyo ndio ningependa zaidi, kwa sababu kwa chati ya elementi uzito wake umeandikwa 35.5 na watoto huuliza nusu ya nyutroni ilienda wapi (hakuna nusu, huo ni wastani, karibu robo tatu ni klorini 35, ingine ni klorini 37). Seti mbili zinatosha lakini hiyo ni 1700, heh.

Nyota 3 kwa 5. Mtoto akisumbuliwa na ioni nunua, alafu hivyo vipira vyeusi viwekeni kando mtumie shanga ndogo. Trei ni imara, imeanguka mara kadhaa na haijapasuka.