Uzoefu wangu na Spack kwenye klasta ndogo ya Kisumu

Ninatunza klasta, yaani kompyuta nne zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, katika idara moja ya chuo hapa Kisumu. Kazi yake kubwa ni kuendesha WRF, modeli ya hali ya hewa iliyokuzwa katika kituo cha utafiti wa anga cha NCAR huko Colorado, Marekani. Sisi tunaitumia kwa ajili ya Ziwa Victoria. Anayeishi huku anajua mambo yanavyokwenda: alasiri mvua inapiga milima ya Nandi na Kericho, usiku upepo unageuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unakutana na mwenzake wa ng'ambo, na radi zinaanza kupasuka juu ya maji saa zile zile wavuvi wa omena wako nje na taa zao. Modeli za dunia nzima hugawa ramani kwa miraba mikubwa, na mambo kama haya yanazipita. Ukitaka kuyaona unahitaji miraba midogo, na miraba midogo inataka kori nyingi za prosesa zifanye kazi kwa pamoja. Kabla ya hayo yote, lazima programu zenyewe ziwekwe, na mimi nilikwama hapo hadi nilipoipata Spack, programu inayojenga na kuweka programu nyingine.

Aliyenitangulia alikwenda kusoma ng'ambo akaniachia daftari la kurasa mia. Alikuwa mtu makini. Ameandika amri zote kwa mkono: jinsi alivyojenga OpenMPI, maktaba ya kuwezesha kori kuwasiliana, halafu HDF5 na netCDF, maktaba za kuhifadhi data, netCDF ya C kwanza, kisha ya lugha ya Fortran. Ukurasa mmoja ameuzungushia kalamu nyekundu na kuandika "usiguse hii" bila kusema kwa nini. Diski ya mashine kuu ilipokufa, nilianza upya nikilifuata daftari mstari kwa mstari. Likagoma. Mfumo mpya ulikuja na gfortran mpya, kompaila inayogeuza msimbo wa Fortran kuwa programu ya kuendeshwa, na faili za moduli ambazo gfortran moja imezitengeneza huenda zisisomwe na nyingine ya toleo kubwa tofauti. Nikajenga upya yote, nikagongana na lingine: kuanzia toleo la 10, gfortran inahesabu kuwa kosa aina za hoja zisizolingana, jambo ambalo zamani ililitolea onyo tu. Kuna bendera, yaani chaguo la ziada kwenye amri, ya kulizima, lakini lazima ujue ni maktaba ipi inaihitaji. Wiki tatu zilikwenda hivyo, na wanafunzi wa uzamili walikuwa wananisubiri mimi peke yangu.

Ndipo nikaijaribu Spack. Ni programu huria ya kusimamia vifurushi, imeandikwa kwa Python, na ilianzishwa mwaka 2013 na Todd Gamblin katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Ilielezwa kwa wataalamu kwenye SC15, mkutano wa kompyuta kuu, huko Austin mwaka 2015, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2025, na siku hizi iko chini ya HPSF, taasisi iliyo ndani ya Linux Foundation. Walioitengeneza walikuwa na shida kama yangu, ila kwenye kompyuta kuu zenye maelfu ya prosesa. Inajua kujenga maelfu ya vifurushi. Kuiweka hakuhitaji nywila ya msimamizi: unaivuta kwa git, zana ya kunakili msimbo, kwenye saraka yako, unaiamsha kwa mstari mmoja, basi.

Kilichonivuta kwanza ni jinsi unavyoiambia unachotaka. Unaandika jina la kifurushi, kisha alama ya @ na toleo, % na kompaila, + kwa unachotaka kiwemo, ~ kwa usichotaka, ^ kwa tegemezi fulani, yaani kifurushi kingine kinachohitajika na hiki. Kwa mfano:

spack spec -l hdf5+mpi+fortran ^openmpi

Haijengi chochote hapo. Inakuchorea mti mzima: HDF5 juu, chini yake OpenMPI, chini yake hwloc, na kuendelea hadi zlib. Kila mstari una herufi saba za hashi, alama ya kipekee ya ujenzi huo, na alama pembeni. [+] ni kilichopo tayari, [e] ni cha mfumo wenyewe, na kistari ni ambacho hakijajengwa. Nilikaa na mti huo kwa muda mrefu siku ile. Mambo ambayo daftari lilikuwa linayajua bila kuyasema yalikuwa mbele ya macho yangu, yamepangwa.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Niliagiza WRF moja kwa moja bila maandalizi. Spack ikaanza kujenga kila kitu kutoka kwenye msimbo, hata zana kama Perl na CMake ambazo zilikuwamo kwenye mfumo. Saa nane usiku stima ikapotea. Asubuhi nilidhani naanza sifuri, lakini kila kifurushi kilichokuwa kimekamilika kilibaki salama kwenye saraka yake, na kilichorudiwa ni kile kimoja kilichokatwa katikati. Kwa sisi tunaoishi na stima ya kuja na kwenda, hilo pekee lina thamani kubwa. Baadaye nikajifunza kuanza na spack external find, amri inayotafuta vilivyopo kwenye mfumo na kuvisajili. Mti ukapungua sana.

Kisa cha pili kilinichukua siku mbili. Mashine zetu hazilingani: mbili zina prosesa za Intel za kizazi cha zamani cha Haswell, mbili za kizazi kipya zaidi cha Skylake, zenye maagizo ya ziada ya AVX-512. Kwa kawaida Spack hujenga kwa kuilenga prosesa iliyomo kwenye mashine inayojengea. Nilijengea kwenye mpya, na WRF ikakimbia vizuri kwenye mpya, lakini ikafa papo hapo kwenye zile za zamani kwa sababu prosesa ilipewa agizo isilolijua. Dawa ni kuandika target=x86_64_v3 kwenye faili ya mipangilio, kiwango ambacho zote nne zinakielewa. Kama mashine zako zimenunuliwa miaka tofauti, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni faili ya spack.yaml. Yetu ina mistari kumi na tisa: WRF, WPS ya kuiandalia data, CDO ya kuchakata matokeo, kompaila, target, na mapendeleo machache. Hiyo ndiyo imechukua nafasi ya daftari. Mwenzangu wa Njoro, kule Nakuru, alikuwa na mashine moja na intaneti ya bando, hawezi kuvuta misimbo yote hiyo. Nikatumia spack mirror create kukusanya kila faili ya chanzo kwenye diski ya nje, nikampa mtu anayesafiri kupitia Kericho na Mau Summit, na ile spack.yaml nikamtumia kwa barua pepe. Mfumo wake ni tofauti na wetu, kwa hiyo spack.lock, ambayo hufunga kila toleo na kila hashi, haikumfaa. Ilibidi mti wake uchorwe upya, naye akabadilisha mstari mmoja wa kompaila. Siku ya tatu alinipigia simu: "Daktari, imekubali." Hakuniuliza swali hata moja la gfortran.

Kasoro zipo na zinauma. Sehemu inayopanga mti hutumia programu inayoitwa clingo kutafuta mpangilio unaoridhisha masharti yote, na masharti yakigongana, ujumbe wa kosa unaweza kukuacha gizani. Mara mbili nimelazimika kuondoa masharti moja baada ya jingine hadi nimpate mkorofi. Nafasi ya diski nayo inaliwa: baada ya mwezi mmoja tulikuwa na matoleo matatu ya HDF5 yaliyotofautiana kwa chaguo dogo tu. Amri ya spack gc huondoa yasiyohitajika, lakini ni wewe wa kuikumbuka. Ujenzi wenyewe hufanyika kwenye saraka ya muda, na kama /tmp yako ni ndogo itajaa katikati ya kazi, kwa hiyo ihamishie kwenye diski kubwa mapema. Na usivute mapishi mapya, yaani maelekezo ya Spack ya kujenga vifurushi, katikati ya muhula. Mapishi yakibadilika hashi nazo hubadilika, na huenda ukajikuta unajenga upya ulichokuwa nacho jana.

Mtu mwenye laptopu moja anayetaka Python na michoro, namshauri atumie conda, msimamizi mwingine wa vifurushi. Itampa vilivyokwisha kujengwa kwa dakika chache. Spack ni ya yule ambaye MPI yake, kompaila yake na prosesa yake lazima vipatane, na ambaye watu wengine wanategemea apatanishe. Naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya jumbe zile za makosa.

Daftari bado liko kwenye droo, kwa heshima ya aliyeliandika. Wiki iliyopita nilifungua spack.yaml nikakuta mstari wa ishirini, nco, zana ya kushughulikia faili za netCDF, ambao sikuuandika mimi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa ameuongeza, akachora mti, akaona ni vifurushi vitatu tu vipya, akajenga, na kazi yake ilikuwa imeshaanza kukimbia kabla sijafika ofisini.