Samsung A15 baada ya mwaka mzima Mwaloni: niliichukua kwa ajili ya viraka, kamera baadae

Wadau wa Mwanza, hii rivyu nimeiahidi muda mrefu ila kazi za Mwaloni mnazijua, mpaka mbalamwezi iwake dagaa wapungue ndio mtu unapata nafasi ya kukaa chini. Mimi nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni hapo Kirumba, simu kwangu ndio duka lenyewe, wateja wa Dodoma na wa Congo wananitumia hela humo, oda zote ziko WhatsApp, kwahiyo mtu akiniuliza kama haya mambo ya matundu ya usalama kwenye simu, yani makosa ya softiwea ambayo mwizi anaweza kupitia, yanatuhusu sisi watu wa kawaida namjibu yanatuhusu, ila sio yote kwa uzito mmoja.

Simu yangu ya zamani, kampuni siitaji, ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, haigandi, chaji inakaa. Nikaipeleka kwa fundi Makoroboi abadilishe kioo, akaingia kwenye setingi, akashuka mpaka kuhusu simu, akanionyesha tarehe ya kiraka cha usalama, yani apdeti ya kuziba matundu hayo: 2020. Akaniambia dada hii simu ishaachwa, wenyewe hawaishughulikii tena. Mimi nikamuuliza, sasa shida iko wapi wakati inawaka?

Akaniweka kwenye stuli akanielewesha. Softiwea yoyote inatoka kiwandani na makosa ambayo hata walioiandika hawajayaona. Mwaka 2015 lilionekana moja kwenye Android wakaliita Stagefright, kosa lilikuwa kwenye ile sehemu ya simu inayosoma video, yani mtu akiwa na namba yako tu anakutumia meseji yenye video iliyochezewa na simu inaweza kuingiliwa kabla hujaifungua, na simu zilizokadiriwa kuwa hatarini zilikuwa kama milioni 950. Toka hapo Google wakaanza kutoa viraka kila mwezi. Sasa kilichonitoa jasho ni hiki: kiraka kikitoka kinatangazwa hadharani kimeziba nini, na mwizi naye anasoma tangazo hilo hilo. Wewe uliyepata kiraka umepona, mwenzako mwenye simu iliyoachwa anabaki na tundu ambalo kila mwenye nia mbaya anajua liko wapi. Sisi wa nyavu hatuhitaji kuelezwa mara mbili, wavu ukitoboka unashonwa siku hiyo hiyo.

Ndio nikaitafuta A15. Ilitoka mwisho wa 2023 na Samsung waliahidi viraka vya usalama miaka mitano na Android mpya mara nne, kwa simu iliyokuwa ya laki nne na kitu hiyo ni ahadi kubwa. Angalizo moja tu, miaka inahesabiwa toka simu ilipotoka sokoni, haihesabiwi toka siku uliyonunua wewe, kwahiyo ukiichukua leo umeshakula sehemu yake. Ndio maana siku hizi nawakataza watu kukimbilia zile used kutoka Dubai kwa kuangalia kamera peke yake. Samsung S9 ni simu nzuri mno kwa macho, S10 ndio usiseme, lakini viraka vya S9 viliisha 2022 na vya S10 vikaisha 2023. Unalipa hela ya maana kwa kitu ambacho kishaachwa.

Kwenye matumizi, kioo ni cha AMOLED, ile aina inayong'aa vizuri, juani pale kwenye vichanja nasoma meseji bila kujifunika kanga. Betri ya mAh 5000 mimi inanifikisha jioni. Alama ya kidole iko pembeni kwenye batani ya kuwashia, ila mkono ukiwa na magamba ya samaki ufute kwanza. Haina kinga rasmi ya maji, kwahiyo ukipanda mtumbwi iweke kwenye mfuko. Apdeti ndogo zinakula MB mia tatu na kitu, ile kubwa ya Android 15 ilikula zaidi ya GB mbili, mimi nasubiri bando la usiku. Chukua ya RAM 6 kama hela inaruhusu.

Lakini simu mpya haikuokoi na kila kitu. Mdogo wangu simu yake ilikwapuliwa kwenye daladala pale Mlango Mmoja, wezi hawakuhangaika na tundu lolote la Android, walitoa laini wakaiweka kwenye simu nyingine, laini haikuwa na PIN, wakafungua WhatsApp yake wakaanza kukopa kwa ndugu na marafiki, na namba ya siri ya hela ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Usiku mmoja akaunti ikawa tupu. Iliniuma sana maana ile ilikuwa ada ya mtoto. Kwahiyo weka PIN kwenye laini leo leo, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040. Programu za mikopo nazo muwe nazo makini, Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni, nyingine ukiziruhusu zinachukua namba zako zote za simu.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Pegasus, ile programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israel iliyonaswa 2016 ilipotumwa kwa mwanaharakati wa Falme za Kiarabu. Ile ni ghali, wanatumiwa waandishi na wanasiasa, kwa muuza dagaa mimi silali macho kwa ajili yake.

Yangu ni nyeusi ya GB 128, nimeinunua mtaa wa Rwagasore, na mwenye duka aliniacha niingie kwenye setingi nisome tarehe ya kiraka kabla sijatoa hela. Dukani ukikataliwa hilo, nenda duka la pili.