Antivairasi niliyoinunua mwenyewe ikanifungia programu ya duka

Jamani antivairasi hii niko nayo mwaka wa pili na kwa upande wa flashi sina neno nayo. Hapa stationery mtu anakuja kuprinti na flashi imepita internet cafe tatu, mafolda yote yamegeuka shotikati, yenyewe inadaka kabla sijafungua. Ila faiawoli yake (ile sehemu inayoamua nani aingie kwenye kompyuta kupitia mtandao) wiki iliyopita imenitoa jasho.

Nina kompyuta mbili, ya stoo ndo imebeba database (MySQL, programu inayotunza data za duka) na ya kaunta inachota kule kupitia waya. Jumatatu nikabadilisha ruta maana ya zamani ilikuwa inazimika zimika, nafungua programu ya mauzo pale kaunta inazunguka weee mwisho inasema imeshindwa kuunganisha na seva. Nikajua ni IP tu (namba ya kompyuta kwenye mtandao), na kweli ya stoo ilikuwa imebadilika, nikarekebisha, wapi. Nikazima antivairasi ya kaunta, wapi. Wateja wamepanga foleni naandika risiti kwa mkono, fundi nampigia ananiambia bosi futa antivairasi yote. Nifute halafu zile flashi nizipokee na nini?

Kumbe nahangaika na kompyuta isiyo na kosa. Kaunta ndo inayobisha hodi, aliyegoma kufungua mlango yuko stoo. Kule faiawoli ilivyoona ruta mpya ikahesabu ni mtandao mgeni ikauweka kundi la mitandao ya umma, kama vile niko kwenye wifi ya stendi, na ukishawekwa huko hakuna kompyuta nyingine inayoruhusiwa kuingia, hata hii yangu iliyo hatua sita kutoka pale. Sasa kilichoniudhi ni kwamba haikusema kitu, hakuna kijidirisha hakuna mlio, imezuia kimya kimya, nimekuja kuiona mwenyewe kwenye logi (orodha ya matukio yake), port 3306, mlango wa MySQL, imezuiwa, imezuiwa, imezuiwa, mpaka chini.

Nikaugeuza uwe mtandao binafsi, nikaongeza ruhusa ya port 3306 kwa IP ya kaunta peke yake (sio kila mtu, wifi wateja nao wanaitumia humu humu), na IP zote mbili nikazifunga kwenye ruta zisihame tena. Dakika kumi hazikuisha, na asubuhi nzima ilishaenda.

Nyota 3. Moja nimekata kwa huo ukimya, nyingine kwa huduma kwa wateja, wamenijibu siku ya tatu wananiuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha kompyuta.