Korongo zuri, kiongozi hapana (uzoefu wangu)

Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana msaidizi, sio ya kampuni. Hawa wanapeleka watu kushuka korongo, yaani bonde jembamba la mto unaloteremka kwa kamba kwenye maporomoko ya maji na kwa kuogelea. Jina lao siliandiki, sitaki kesi, ila aliyepita mikononi mwao atawajua tu.

Wiki kadhaa kabla ya safari walitutumia fomu ndefu kama ya kuomba viza. Unajua kuogelea? Umewahi kushuka kwa kamba? Una pumu, una presha, urefu, uzito, saizi ya kiatu. Nikafurahi kabisa, nikasema hawa watu wako siriaz, maana grupu letu lilikuwa mchanganyiko kweli kweli, kuna wawili wanashuka makorongo kila msimu, kuna sisi wa katikati tunaojua kamba ya nchi kavu tu, halafu kuna mdogo wangu na mchumba wake ambao hanesi, ile mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba, walikuwa hawajawahi hata kuishika. Tukajaza yote, na kwa mdogo wangu nikaandika kwa herufi kubwa: MWEMBAMBA, BARIDI INAMUINGIA HARAKA. Siku yenyewe tumesimama pale juu, kiongozi anapiga makofi mawili anauliza, "Haya, nani mgeni na haya mambo?" Yaani hajasoma hata mstari mmoja.

Ikaja habari ya suti. Ile suti ya neoprini, ya mpira wa kuvaa kwenye maji baridi, haizuii maji yasiingie, inaruhusu kidogo yapite, mwili unayapasha joto na yanabaki pale kati ya ngozi na mpira. Ndo maana lazima ikubane. Ikipwaya, kila ukizama yale maji uliyoyapasha yanatoka yanaingia mengine ya baridi, unaanza upya, mwili unafanya kazi ya bure. Sasa mdogo wangu akapewa suti ya unene wa milimita 3, ya mtu wa miraba minne, imetoboka chini ya kwapa, kofia ya neoprini hakuna, soksi zake moja moja. Na korongo lenyewe kuta zimekaribiana kiasi kwamba jua chini halifiki, maji ya namna hiyo hata kiangazi yanauma. Wale wawili wazoefu walikuja na suti zao za milimita 5 na kofia, wao walikuwa sawa tu. Nikamwambia kiongozi, kaka hii suti inampwaya huyu. Akaivuta begani akaiachia, pah! "Mbona imemkaa."

Poromoko la kwanza tukashuka vizuri na nakiri nilianza kulainika, jamani lile korongo ni zuri, mawe yamelambwa na maji mpaka yamekuwa laini kama sabuni, mwanga unaingia kwa juu kidogo tu, hata mdogo wangu alikuwa anacheka anapiga kelele kila akidumbukia. Ningeishia hapo ningeweka nyota nne.

Tatizo ni foleni, na hili ndo naomba mnaopanga safari za namna hii na watu wa viwango tofauti mlielewe. Ukiwa unatembea na kuogelea, baridi ya korongoni unaimudu, inakuja kukukamata ukisimama unasubiri zamu. Maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kuzidi hewa ya baridi ile ile. Na mgeni kwenye kamba anachukua muda, anaogopa kuegemea nyuma, anauliza maswali, anasali, hayo yote ni haki yake, ila kila dakika anayochukua kuna mwenzake amesimama ndani ya maji. Kwa hiyo mtu mwenye akili anafunga kamba mbili sambamba kama pana nafasi, anatanguliza mzoefu mmoja chini wa kupokea watu na kuwatoa majini, mzoefu mwingine anabaki nyuma kabisa, wageni wanakaa katikati.

Yeye alifanya nini? Wazoefu wote wawili akawatanguliza, wakateremka chap wakaenda zao mbele kupiga picha (na hao nimeshawasema pembeni), kamba moja tu, halafu sisi wengine tumepangwa kwenye kidimbwi juu ya poromoko, maji kiunoni, tunasubiri. Mdogo wangu akawekwa mwisho kabisa eti "atazame wenzake wanavyofanya." Alitazama weee. Mwanzo alikuwa anatetemeka mpaka helmeti inagonga ukuta. Ilipokaribia zamu yake nikaona ameacha kutetemeka, nikadhani amezoea, kumbe anahangaika na karabina, kile kipete cha chuma cha kujiunganisha na kamba, skrubu yake ya kufungia haizunguki, anaisukuma kwa viganja vyote viwili maana vidole havikunji tena. Namuuliza vipi, ananijibu kwa ulimi mzito kama kalewa, "Niko poa dada, niache."

Mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha huku bado yuko kwenye baridi, na maneno yanamkwama, huyo hajazoea chochote, huyo joto la mwili linashuka. Nikamuita kiongozi, nikamwambia huyu atoke majini sasa hivi na ikiwezekana turudi. Akanitazama hivi, mbele ya watu wote, akasema, "Dada, huku sio bwawa la hoteli. Anayeogopa baridi anabaki nyumbani." Na turudi wapi, kamba ya poromoko la juu alishaivuta zamani na kuta zile hazipandiki. Korongo ndivyo lilivyo, ukishavuta kamba njia ni moja tu, mbele. Sasa kama unajua hilo, si ndo ulipaswa kuangalia suti za watu kabla hujavuta?

Nisimuonee lakini. Mkono wake kwenye kamba sina neno. Mwenzetu mmoja fulana aliyoivaa juu ya suti iliingia kwenye kile chuma cha kushukia, akakwama katikati ya poromoko maji yanampiga usoni, na yule bwana alikuwa ameifunga kamba kwa namna ya kuweza kuiachia akiwa kule juu, akamteremsha taratibu mpaka chini kabla wengine hatujaelewa kinachoendelea. Angekuwa kaifunga kwa fundo lisiloachika sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Kwa hiyo fundi ni fundi, nyota ya pili nilikuwa nampa kwa hilo. Halafu nikimkumbuka na ile sauti yake, "bwawa la hoteli", naichukua tena.

Aliyetuokoa ni kijana msaidizi, mdogo wa umri, siku nzima alikuwa hasemi. Hakubishana na bosi wake. Alimshika mdogo wangu mkono akampandisha kwenye jiwe kavu, akavua kofia yake mwenyewe ya neoprini akamvalisha, akamfunika na lile shuka la kung'aa la dharura, akatoa thamosi kwenye mfuko wake usioingiza maji akamnywesha kinywaji cha moto chenye sukari kidogo kidogo huku anamsemesha, "Dada nitajie majina ya wadogo zako, haya taja tena." Alikuwa anamsikiliza ulimi. Kutetemeka kuliporudi ndo akatabasamu, akasema sasa tunaenda, na akamteremsha yeye mwenyewe kwa kamba, hakumuachia ashuke peke yake na vidole vile.

Nimewaandikia kampuni. Jibu limekuja kwamba mteja alisaini kukubali hatari zote za maji baridi, na wametupa punguzo la safari ijayo. Punguzo! Sikuomba punguzo, nimeomba waniambie fomu inasomwa na nani.

Na kinachonimaliza nguvu, mdogo wangu mwenyewe anataka kurudi, kila siku anatuma picha za lile poromoko la kwanza kwenye grupu. Nimemwambia sawa, ila suti tunakodi kwingine tunaijaribu mpaka ibane, kamba zinafungwa mbili, na wakituambia yule kijana hayupo siku hiyo tunaahirisha.