Waliniuliza kama nilisoma maandishi ya kwenye kopo

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilitaka nisubiri nitulie kwanza, lakini kila nikitulia nalikumbuka swali la yule dada wa huduma kwa wateja wa kampuni ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na damu inanipanda upya. "Kaka, kabla ya kunywa, ulisoma maandishi ya kwenye kopo?"

Kwanza nikipe kinywaji haki yake, maana sipendi kusingizia mtu wala kitu. Kinafanya kazi. Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, kazi ya kukaa mbele ya skrini na kutazama kamera mpaka kupambazuke. Aliyewahi kukesha kazini anaijua ile saa tisa kuelekea saa kumi, shingo inalegea, unausoma mstari mmoja mara nne na bado hujui umesoma nini. Mwenzangu mmoja, mtu mzima aliyenitangulia miaka mingi pale, ndiye aliyenipa kopo la kwanza. Nilikunywa nusu tu. Baada ya kama nusu saa nikajikuta macho makavu, kichwa chepesi, na zamu ile niliimaliza bila kusinzia hata mara moja. Nikasema kumbe dawa ipo! Kwa wiki kadhaa niliwasifia bila kutumwa na mtu. Wakati ule ningeulizwa ningewapa nyota nne, na zingetoka moyoni.

Moyo huohuo ndio nataka kuueleza.

Kuna usiku mmoja, miezi michache iliyopita, mtu wa kunipokea hakufika na nikaombwa niunganishe zamu. Nilikuwa na makopo mawili, yale makubwa ya nusu lita. Nikafungua la kwanza, la baridi, nikalimaliza kama mtu aliyetoka juani. Hapa pana jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kahawa ina breki yake. Ni ya moto, ni chungu, unaipuliza, unaionja, kikombe kimoja kinakushikilia dakika ishirini. Hiki ni kitamu na cha baridi, kinateremka kama soda, mwili hata haujapata habari ya kilichoingia. Nikaona uchangamfu unachelewa. Saa moja haijaisha, nikafungua la pili.

Vidole ndivyo vilivyoanza. Nilisimama kwenda kufungua kabati la funguo, na ufunguo ukakataa kuingia kwenye tundu. Ulikwaruza chuma huku, ukakwaruza kule, nikaushika kwa mikono miwili, bado. Nikautazama mkono wangu ukitetemeka nisijue ni wa nani. Halafu jasho jembamba shingoni, na moyo ukaanza kwenda mbio. Nimewahi kukimbia, nimewahi kuogopa, ule haukuwa wa kukimbia wala wa kuogopa. Nilikuwa nimekaa kitini, situmii nguvu yoyote, na kifua kinapiga mpaka kola ya shati inachezacheza. Kisha pigo moja likaruka. Kifua kikawa kitupu kwa muda ambao sijui niuite nini, na likaja pigo moja zito likanisukuma kwenye kiti. Nikamkumbuka mama yangu. Nikasema nikifa hapa watanikuta asubuhi mbele ya hizi kamera.

Walinipeleka zahanati. Nesi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Akanishika kifundo cha mkono, akakodolea saa yake kimya dakika nzima, ndipo akauliza, "Umekunywa nini, mwanangu?" Angalieni swali lake, halafu mlilinganishe na lile la juu. Huyu alitaka kujua kilichonipata. Nikamwonyesha kopo, nilikuwa bado nalo mkobani. Akavaa miwani, akalizungusha, akalizungusha tena, akaenda nalo chini ya taa.

Na hili kopo lazima niwaeleze, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda changu chote. Kwa mbele kuna radi kubwa kuliko kiganja na neno la nguvu kwa herufi ambazo unaweza kuzisoma ukiwa upande wa pili wa barabara. Kwa nyuma, pale rangi mbili zinapokutana, kuna maandishi ya fedha juu ya kijivu, membamba kama unywele. Ukilishika vizuri, kidole gumba kinayafunika yote. Yule mama alilazimika kuomba tochi ya simu. Yanasema kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, miligramu 32 kwa kila mililita 100. Kwa kila mililita 100! Nani duniani anakunywa mililita 100? Kopo lina 500. Kwa hiyo mnywaji, saa tisa usiku, macho yamelegea, atafute tochi, aone 32, akumbuke kuzidisha mara tano, apate 160. Nesi alipiga hesabu hiyo nyuma ya fomu yangu kwa kalamu, akaandika mara mbili, 320, akaizungushia duara.

Walinibandika zile waya za kupima moyo. Wakaniambia moyo wenyewe ni mzima, nilale, nivumilie. Nikaomba dawa ya kuitoa hiyo kafeini. Hakuna, akasema, ini lako ndilo litaifanya kazi hiyo, na linakwenda kwa mwendo wake. Kwa mtu mzima mwenye afya, baada ya kama saa tano nusu ya ulichokunywa bado imo mwilini, na wapo ambao kwao inakaa zaidi. Nilihesabu dari mpaka mchana. Usingizi nilioutafuta siku ile ulikuja usiku wa pili yake.

Sasa nije kwenye simu. Sikupiga kutafuta fidia. Nilipiga kuwaambia jambo moja, jamani, andikeni hiyo 160 kwa mbele, kwa herufi za kuonekana. Basi. Nilidhani watashukuru. Dada akapokea kwa sauti nzuri, mteja wetu mpendwa, nikasimulia yote, ufunguo, pigo lililoruka, zahanati. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi ikifunuliwa. Ndipo likaja swali la kama nilisoma. Nikamwambia, dada, hayasomeki. Akasema kinywaji chetu ni salama kikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Nikauliza imeelekezwa makopo mangapi kwa siku? Akasema maelekezo yako kwenye kopo, kaka. Nikamwambia nimelishika kopo mkononi, halisemi idadi. Akarudia, maelekezo yako kwenye kopo. Mara nne! Najua analipwa kusoma kilichoandikwa mbele yake na huenda naye akitoka hapo anasikitika. Lakini mtu akikwambia nilidhani nakufa, huwezi hata kusema pole?

Pole yao ilikuja baadaye, kwa gari. Wiki mbili tatu zikapita, mlango ukagongwa, boksi. Ndani yake makopo 24 na kikadi, samahani kwa usumbufu, endelea kufurahia. Nilikaa sakafuni nikalitazama lile boksi. Nimelalamika kwamba kinywaji chao kilinichezea moyo, na wao wananiletea 24 vya kufurahia. Aliyepakia hakuwa amesoma malalamiko yangu. Wao waliniuliza kama nilisoma.

Hasira ikanifanya nianze kufuatilia, na kadiri nilivyofuatilia ndivyo nyota zilivyozidi kudondoka. Kafeini haiongezi nguvu. Ukiwa macho muda mrefu, ubongoni hujikusanya kitu kiitwacho adenosini, na hicho ndicho kinachoupa ubongo taarifa kwamba umechoka. Kafeini inaenda kukalia kiti chake, taarifa haifiki. Uchovu upo palepale, umenyamazishwa tu, na kafeini ikishainuka, wote unakuangukia kwa pamoja. Kwa hiyo sisi tunaoviita vinywaji vya kuongeza nguvu tumelikubali neno la muuzaji bila kulipima. Nguvu pekee iliyomo ni ya sukari, na ya sukari ni ya kutisha. Kopo langu lina gramu 11 kwa kila mililita 100, yaani gramu 55, vijiko vya chai kama kumi na vinne. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku nzima, na likishauri zaidi linasema heri 25. Kopo moja limekwishapita. Mimi nilikunywa mawili.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishatoa kipimo tangu 2015: mtu mzima mwenye afya, si zaidi ya miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku, na mjamzito asizidi 200 kwa siku. Kwa mara moja. Nadhani hilo ndilo lililonikamata, maana kwa siku nzima 320 zangu zingepita salama. Ningejua, kopo la pili ningeliacha mpaka alfajiri. Nilichokikosa ni namba moja tu, namba wanayoijua wao!

Tena namba hiyo haikosi kujulikana ilikotoka. Biashara hii si ya jana. Japani walikuwa na Lipovitan D tangu 1962, kichupa kidogo, Thailand wakawa na Krating Daeng, na 1987 Mwaustria aliyekionja huko akakipeleka kwao kikiitwa Red Bull. Kopo lao la mwanzo la mililita 250 lilikuwa na miligramu 80, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na mtu anaweza kusema hilo halina ubaya kwa mtu mzima, nami nakubali. Kilichobadilika ni kopo. Soko zima likavimba, nusu lita ikawa ndiyo saizi ya kawaida, na mkono wa mnywaji haukubadilika, bado unashika kopo moja na kusema nimekunywa moja.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitaka kuwa mwungwana, niwaachie nyota mbili kwa kuwa kazi kinafanya. Ndipo mpwa wangu akaja kunisalimia. Ana miaka 14. Akaliona boksi, macho yakamng'aa, "Mjomba, naomba moja, shuleni wote wanakunywa kabla ya mechi." Wote. Nikamuuliza mangapi. Akasema kuna mmoja anamaliza mawili. Huyo mtoto ana uzito wa nusu yangu. Sikumgombeza yeye, nilijikuta nimesimama tu, nimeshika mlango wa jokofu. Lithuania walipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, Latvia wakafuata, Poland nao wameanza 2024. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi yoyote katika mlo wa mtoto wala kijana. Kwenye kopo langu onyo la watoto lipo, sisemi uongo. Lipo chini kabisa, pale bati linapojikunja, herufi zimepinda pamoja na ukingo. Nilimpa mpwa wangu asome, ana macho mazima. Akasoma "haifai kwa wa", akakwama.

Siku hiyo tulimwaga. Yeye anafungua, mimi namimina, kopo baada ya kopo, povu la njano linapanda kwenye sinki, harufu ya pipi jikoni kote mpaka macho yanawasha. Tulimwaga 23. Nyota mbili zikawa moja, na kama ingewezekana kutoiweka hata hiyo, nisingeiweka. Lakini wakija kesho na kopo lenye 160 kwa mbele, kubwa kama ile radi, na neno moja kwamba usinywe la pili kwa haraka, nitafuta maneno yangu yote na kurudisha nyota tatu. Nasema kweli. Kuna usiku kitu hiki kilinisaidia na siwezi kukana.

Kopo moja nililibakiza. Nililipeleka kazini kwa yule mzee mwenzangu aliyenionjesha, maana yeye ni makopo matatu kila zamu, miaka yote hiyo, na ana shinikizo la damu. Sikumhubiria, ni mkubwa kwangu. Nilimwambia tu, mzee, hebu nisomee hapa nyuma. Akalisogeza karibu na skrini, akalirudisha mbali, akawasha tochi. Akasoma midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaliweka mezani, akachukua kalamu na kitabu cha mahudhurio, akauliza, "Thelathini na mbili mara tano, halafu mara tatu, ni ngapi?"